Mwongozo wa Kulinda Shimo

Ofisi ya Ustawi wa Utalii wa Wilaya ilitangaza rasmi, mbele ya wananchi waliojazana katika ukumbi wa mikutano, kwamba idadi ya watalii imepanda mara mbili, na kwamba shukrani zote ziende kwa barabara.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kina mama wakapiga vigelegele. Watu walielewa kwamba barabara sasa itatengenezwa, na kuna mzee mmoja mstari wa mbele aliyevua kofia kabisa.

Mkurugenzi wa Utalii aliwaacha wapige mpaka wachoke. Mji mzima ulimwita Mkakati, kwa sababu mtu huyu hata kikohozi chake kilikuwa cha kimkakati. Makofi yalipotulia akafafanua. Barabara haijatengenezwa. Barabara imeharibika kuliko wakati wowote ule, na hapo hasa ndipo penye mafanikio.

Ili haki itendeke, tumsikilize, maana jambo lenyewe lilikuwa na mantiki. Wilaya hiyo ilikuwa na maporomoko ya maji mazuri ajabu, ambayo hakuna mgeni aliyeyaona tangu daraja lake lianguke. Kwa hiyo kila mwaka, Makao Makuu walipouliza idadi ya watalii, Mkakati alijibu sifuri, na sifuri haimpandishi mtu cheo. Lakini mvua za mwaka huo zikaila barabara kuu pale chini ya kilima, nje kidogo ya mji, likafunguka shimo kutoka ukingo hadi ukingo. Malori yakazama. Mabasi yakazama. Waliozama wakalala. Na Makao Makuu walikuwa wameandika, kwa lugha isiyo na shaka, kwamba mtalii ni mtu asiye mkazi wa wilaya aliyelala wilayani angalau usiku mmoja. Hawakusema popote kwamba awe amependa.

"Samahani, mkurugenzi," alisimama dereva mmoja wa lori, mtu wa mabega mapana. "Mimi nilikwama hapo na shehena ya nyanya. Zikaoza zote. Mimi nami ni mtalii?"

"Ulilala?"

"Nililala chini ya lori."

"Uliona mandhari?"

"Niliona ekseli ya magurudumu."

Mkakati aliinamisha kichwa kwa heshima. "Huo unaitwa utalii wa kiufundi, ndugu yangu. Karibu tena."

Dereva wa nyanya akaketi polepole, na mpaka mkutano unafungwa bado alikuwa anajaribu kuelewa kama ametukanwa.

Jioni ile Mkakati alirudi nyumbani kifua mbele. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani, na sebule yao ilikuwa nusu karakana: vitambaa juu ya kochi, pini kwenye zulia, na suti moja nyeusi imening'inia mlangoni ikisubiri siku yake. Suti ile ilikuwa na historia. Kiti cha Mkurugenzi Mkuu kule Makao Makuu kilikuwa wazi, kile kiti chenyewe kinachozunguka, na Mkakati alikitaka kiasi kwamba hata usingizini miguu ilikuwa inakisukuma.

"Wamekubali?" Mama Pacha akauliza, sindano mdomoni.

"Waziri mwenyewe anakuja Alhamisi kulizindua Shimo. Akiondoka, tunaondoka naye, gari moja. Ijumaa asubuhi bodi inakaa. Anayetaka kiti lazima awepo kwa mwili wake. Tuko wawili tu, mimi na yule jamaa wa wilaya ya lami."

"Yule ana lami, wewe una shimo."

"Ndiyo! Na takwimu zake zimekufa! Kwake watu wanapita mbio, hakuna anayelala. Lami imemmaliza."

Mama Pacha akaitoa sindano mdomoni. "Baba Pacha, umeniahidi mjini, kule Makao Makuu, tangu watoto wakiwa tumboni. Sasa wana meno yote. Wiki iliyopita nimewapeleka kwa dada yangu kule mjini waanze shule, nikawaambia baba anakuja. Alhamisi narudisha funguo za nyumba hii. Usinirudishe hapa."

"Mama Pacha, huo ni mkakati uliokamilika."

Alimpenda mkewe, tusimsingizie. Ila alimpenda kama alivyoipenda wilaya, yaani kwa ripoti.

Tatizo moja tu lilibaki. Watu wa malori, kwa ukosefu wa uzalendo, walikuwa wameanza kulitupia Shimo mawe ili wapite. Wakati mwingine walilijaza kabisa, gari likavuka, na mtalii akapotea hivihivi. Ndipo Mkakati alipotunga Mwongozo wa Kulinda Shimo na kuunda Kamati ya kuusimamia.

Mwenyekiti akawa Mama Pumzika, mwenye nyumba ya wageni iliyotazama Shimo uso kwa uso. Huyu mama tangu barabara ife hakuwa na kitanda kitupu. Alipangisha vyumba, akapangisha korido, na sasa alikuwa anaitazama ngazi. Katibu akawa Winchi, mtu wa makamo mwenye trekta, ambaye ndiye aliyewanasua waliokwama. Mkakati aliwafanyia semina ya siku nzima, akawakaririsha Mwongozo kwa wimbo, maana aliamini kamati isiyokariri hutafsiri.

"Msafiri havutwi kabla ya kulala!" Mkakati akaanzisha.

"Havutwi!" Kamati ikaitikia.

"Havutwi kabla ya kuona kivutio!"

"Havutwi!"

"Kivutio hakiondolewi mahali pake!"

"Hakiondolewi!"

Winchi akanyoosha mkono. "Na kivutio ni kipi, mkurugenzi? Maporomoko hayafikiki."

"Kamati ndiyo itakayotamka kipi ni kivutio. Mamlaka yako chini, kwa wananchi. Kwa sasa tunatamka Shimo."

"Na akija mkubwa?" Mama Pumzika akauliza.

Mkakati akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani analolijua. "Mwongozo hauna mkubwa wala mdogo. Ukimpendelea mmoja, takwimu zinachafuka."

Wakaafikiana, chai ikaletwa.

Alhamisi ikafika. Mheshimiwa Waziri alikuja na gari refu jeupe na viatu vyeupe kuliko gari. Alikuwa mama mcheshi, mwepesi wa kucheka, mwepesi zaidi wa kusahau alichokicheka. Ili avuke salama, Mkakati alikuwa amekodi mbao nene za seremala na kuzilaza juu ya Shimo. Gari likavuka polepole, ngoma zikapigwa. Likishavuka tu, mbao zikaondolewa. Ilikuwa lazima ziondolewe, kwanza kwa sababu huwezi kuzindua shimo lililofunikwa, na pili kwa sababu mbao hizo hizo ndizo zilizojenga jukwaa ambalo Waziri alikuwa anakwenda kuketi. Mkakati aliona hilo kama matumizi bora ya rasilimali, akalitaja kwenye risala.

Waziri akakata utepe. Akalitazama Shimo, na Shimo, lililojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, likamtazama.

"Miaka mingi," akasema kwenye kipaza sauti, "tumepoteza fedha kuwapitisha wageni haraka. Wilaya hii imethubutu kuwachelewesha. Nataka kila mkoa uwe na shimo lake!"

Makofi. Dereva wa nyanya, ambaye alikuwa amekwama tena tangu juzi na shehena mpya, trekta likiwa limesimamishwa kupisha uzinduzi, hakupiga.

Waziri akamwinamia Mkakati sikioni. "Kiti ni chako. Kesho usichelewe tu, maana ile bodi haina adabu, humpa aliyepo."

Mkakati akaikunja risala, akaitia mfukoni. Akamtafuta mkewe kwenye umati. Mama Pacha alikuwa amesimama pembeni na sanduku moja na cherehani, kichwa kimefungwa kitambaa kipya, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu alikuwa anatabasamu.

Sherehe ikaisha, mvua ikaanza. Waziri, Mkakati, Mama Pacha, sanduku na cherehani wakaingia kwenye gari jeupe. Gari likageuka na kurudi kwenye Shimo, dereva akafunga breki.

"Mbao ziko wapi?" akauliza.

Swali lilikuwa la kawaida kabisa, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa amelifikiria. Ratiba ya ziara, iliyopitiwa na vikao vyote vinavyohusika, ilikuwa na kipengele cha kuwasili. Cha kuondoka hakikuwamo, kwa kuwa lengo la wilaya lilikuwa wageni wasiondoke.

"Seremala kazichukua," Winchi akasema dirishani, maji yakimtiririka puani. "Zilikuwa za kukodi. Jukwaa lilipovunjwa tu, akazipeleka kwenye harusi huko juu."

"Pita hivyo hivyo," Waziri akamwambia dereva. "Gari hili ni la serikali."

Gari la serikali likazama mpaka milangoni.

Mkakati alifungua dirisha. "Winchi, lete trekta. Haraka."

Winchi hakusogea. Alimtazama Mama Pumzika, ambaye alikuwa amesimama barazani kwake chini ya mwavuli, na Mama Pumzika akakohoa kidogo, kama kwaya inayotafuta sauti.

"Msafiri havutwi kabla ya kulala," akasema.

"Havutwi," Winchi akaitikia kwa huzuni.

"Jamani! Huyu ni Waziri!"

"Mwongozo hauna mkubwa wala mdogo, mkurugenzi. Takwimu zitachafuka."

"Mimi ndiye niliyeutunga!"

"Na tunakushukuru," Mama Pumzika akasema kwa moyo mweupe. "Chumba cha mbele kimepigwa deki. Karibuni."

Waziri akageuka akamtazama Mkakati. Hakuwa anacheka. "Bwana mkurugenzi, hawa watu wanaimba nini?"

Mama Pacha, kule nyuma na cherehani mapajani, alisema taratibu: "Mimi sisemi kitu. Wazee walishasema habari za mchimba kisima."

Wakalala. Waziri alipewa chumba cha mbele, Mama Pacha akalala na Mama Pumzika, na Mkurugenzi wa Utalii akapangishwa benchi la korido kati ya dereva wa nyanya na mwuza sabuni. Alimwomba Winchi, akambembeleza, akamtishia kumfuta ukatibu. Winchi alijibu tu kwamba trekta linawashwa asubuhi baada ya chai, kama semina ilivyoelekeza. Asubuhi baada ya chai! Bodi ilikuwa inakaa asubuhi kabla ya chai. Mkakati akageukia ukuta. Alikuwa anaogopa sasa, na zaidi ya kiti alikuwa anaogopa uso wa mkewe.

Kulipopambazuka alinyata hadi nyuma ya jiko, akachukua jembe na karai, akateremka Shimoni na suti yake nyeusi. Mpango ulikuwa rahisi: ajaze mawe mbele ya magurudumu, gari lipande, waondoke kabla Kamati haijaamka. Alikuwa ametupia mawe machache aliposikia hatua nyuma yake.

"Unafanya nini?" Ni Waziri, kanga begani, viatu vyeupe mkononi.

"Natengeneza barabara, Mheshimiwa."

"Kimya kimya?"

"Kimya kimya."

Waziri akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaviweka viatu juu ya jiwe, akakunja nguo, akaingia kwenye tope hadi magotini. "Nipe karai," akasema.

Walifanya kazi vizuri, tuseme ukweli. Waziri alikuwa amekulia shambani kabla hajakulia kwenye siasa, na mgongo ulikuwa bado unakumbuka. Yeye alibeba, Mkakati akashindilia. Lakini mawe hayana siri, yakigongana yanasema. Dereva wa nyanya alitoka barazani mswaki mdomoni, akasimama, akauchomoa mswaki ukabaki hewani.

"Jamani!" akaita kwa sauti ya mtu aliyeona tembo sokoni. "Amkeni! Njooni muone! Serikali inatengeneza barabara!"

Nyumba ya wageni ikamwagika nje. Madereva, abiria wa basi, mwuza sabuni, akina mama na watoto mgongoni. Waliolala korido na waliolala chini ya magari. Simu zikainuliwa. Wengine waliomba walio mbele wachutame. Kuna bibi mmoja aliyeshikwa mkono na mjukuu wake akasogezwa karibu kabisa, akatazama kwa muda mrefu.

"Nimepita hapa tangu nina meno," akasema. "Kitu hiki sijawahi kukiona."

"Mheshimiwa, tazama huku!" akaita mwuza sabuni. "Inua jiwe kidogo! Hapo hapo!"

Waziri, kwa mazoea ya kazi, akatabasamu kwenye simu na jiwe lake.

Kamati ikakutana pale pale, imesimama, Mwenyekiti akiwa na birika mkononi. Mkakati alitarajia kushitakiwa kwa kugusa kivutio, na alikuwa ameshaandaa utetezi wa kimkakati. Lakini Mama Pumzika alikuwa anawatazama wageni wake, jinsi walivyosahau chai, jinsi walivyocheka na kugongana mikono, na alijua biashara akiiona.

"Kamati inatamka," akasema, "kwamba Shimo lilikuwa kivutio, lakini limezidiwa. Kuanzia leo kivutio ni hiki hapa." Akawaonyesha kwa mdomo wa birika.

"Kipi?" Mkakati akauliza.

"Nyinyi."

Winchi akahesabu kwa vidole kama semina ilivyomfundisha. "Wageni wamelala. Wageni wameona kivutio. Basi wavutwe." Akaenda kuwasha trekta.

"Haya, vizuri!" Mkakati akapumua. "Anza na gari la Mheshimiwa."

Winchi alikuna kichwa. Ilionekana jambo lile linamsikitisha kweli. "Hapo ndipo pagumu, mkurugenzi. Kivutio hakiondolewi mahali pake."

"Hakiondolewi!" likaitikia basi zima, maana kwa kukaa pale siku mbili wimbo walikuwa wameushika.

"Mimi ni Waziri wa nchi hii!" Mheshimiwa akapaza sauti.

"Ndiyo maana wanatazama, mama," Winchi akasema kwa adabu. "Angekuwa mtu wa kawaida amebeba mawe, nani angesimama?"

Simu ya Waziri ikalia kwenye jiwe, karibu na viatu. Mikono yake ilikuwa tope tupu, kwa hiyo mwuza sabuni akamsaidia kuibonyeza, na sauti ikatoka kwa wote. Ilikuwa Makao Makuu. Bodi ilikuwa imekaa. Yule jamaa wa wilaya ya lami alikuwa amefika mapema, akawa anakunywa maji na wajumbe, na kwa kuwa wajumbe walikuwa na haraka wakampa kiti. Alikuwa anakizungusha hivi sasa.

"Takwimu zake mbovu!" Mkakati akapiga kelele kutoka Shimoni. "Kwake hawalali!"

"Ndiyo," sauti ikasema. "Lakini alifika."

Hakuna aliyecheka hapo. Mkakati aliketi juu ya jembe lake. Miaka yote ya chati na risala ilikuwa imemfikisha kwenye maji ya rangi ya chai. Akainua macho kumtafuta mkewe.

Mama Pacha alikuwa anapandisha cherehani kwenye lori la nyanya. Dereva alikuwa amempokelea sanduku na kumfutia kiti kwa shati lake mwenyewe.

"Mama Pacha! Unakwenda wapi? Cheo kimekwenda!"

"Cheo kilikuwa chako," akasema, si kwa ukali. "Mimi nilikuwa nakwenda mjini. Watoto wananisubiri."

"Wewe ni mkazi wa hapa! Mkazi si mtalii, havutwi!"

"Funguo nimerudisha, Baba Pacha. Jana nimelala kwa Mama Pumzika kama mgeni, na leo nimeona kivutio." Akamtazama, suti yote aliyoishona kwa mkono imegeuka tope, na sauti ikamlegea kidogo. "Tena kimenifurahisha. Sijawahi kukuona ukifanya kazi namna hiyo. Ukimaliza barabara, ifuate. Utanikuta mwisho wake."

Winchi akafunga mnyororo. Trekta likanguruma, lori la nyanya likatikisika, likaanza kupanda ukingoni polepole, juu kabisa ya kichwa cha Mkurugenzi wa Utalii, na dereva wake akatoa uso dirishani.

"Mkurugenzi! Unaona mandhari?"

Mkakati alifuta tope machoni, akainua uso. Ekseli ilikuwa inapita.